UZI: Kila mwaka tunabishana kuhusu kiboko. Na aibu je?

Uzi wa leo ni mrefu kidogo, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

Mjadala wenyewe mnaujua. Mabweni yakichomwa muhula wa pili, au mwanafunzi akimvamia mwalimu, haipiti wiki kabla mheshimiwa fulani hajashika kipaza sauti kwenye matanga ya watu na kusema: "Rudisheni kiboko!" Umati unapiga makofi. Upande ule mwingine unajibu kwamba kiboko ni ukatili. Usiku runinga inaleta wageni wawili, mmoja huku, mmoja kule, wanakatizana maneno hadi saa nne, tunazima, tunalala.

Mwaka wa 2021 wito huo haukutoka matangani pekee. Ulitoka hadi kwenye ngazi za juu kabisa za wizara, baada ya walimu kushambuliwa na mabweni kuteketea. Kwa hivyo si jambo la kupuuza eti ni siasa za vijijini.

Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mjadala huo, jinsi tunavyouendesha, unaacha nusu ya mambo nje. Sheria ya Kenya haikukataza fimbo tu. Ilikataza pia kumdhalilisha mtoto. Na ukisoma Katiba vizuri utaona kwamba hilo la kudhalilisha limefungiwa kufuli kubwa kuliko fimbo yenyewe. Sasa tembelea shule zetu. Fimbo imefichwa nyuma ya kabati, kwa sababu mwalimu anajua ni kosa. Aibu iko paredini, mchana peupe, na hakuna anayeiona kama kosa.

Tuelewane kwanza ninaongea kuhusu nini.

Mvulana anapatikana getini nywele zimezidi. Mwalimu wa zamu anachukua makasi, anamkata njia moja katikati ya kichwa kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, kisha anamwambia aingie darasani hivyo hivyo. Mtoto wa bweni amekojoa kitandani. Anabebeshwa godoro azunguke nalo shule ikitazama. Aliyeshika mkia kwenye mtihani anaitwa mbele, wenzake wanaambiwa wampigie makofi. Majina ya wenye karo yanasomwa kwa sauti, na kila jina likitajwa mwenyewe anatoka kwenye mstari. Kuna kutembea kwa magoti juu ya changarawe huku wengine wakipita kwenda chamcha. Na kuna lile jina ambalo mwalimu anamtungia mtoto siku moja kwa mzaha, darasa linalidaka, na linamfuata hadi kidato cha nne.

Ona kitu kimoja. Karibu yote hayo hayaachi alama. Ukifika kituo cha polisi na mtoto mwenye mistari mgongoni, unapewa fomu ya P3, daktari anaijaza, kesi ina pa kuanzia. Ukifika na mtoto aliyebebeshwa godoro, daktari atajaza nini?

Ndiyo maana aibu imechukua nafasi ya kiboko kimyakimya. Haimgharimu anayeitoa.

Sasa sheria. Nitaenda polepole kwa sababu hapa ndipo watu hupotoshwa.

Zamani kiboko kilikuwa halali, lakini hata wakati huo hakikuwa cha kiholela. Kanuni za nidhamu shuleni za mwaka 1972 zilisema uchunguzi ufanywe kwanza. Fimbo ilikuwa ya mwalimu mkuu, si ya kila mwenye chaki mkononi. Viboko visizidi 6. Iandikwe kwenye rekodi. Na hii ndiyo ile wengi hawaijui: mtoto asichapwe mbele ya wanafunzi wenzake.

Soma tena hapo mwisho. Hata watu waliokiamini kiboko, walioandika ukubwa wa fimbo ndani ya kanuni, walijua kwamba ukiongeza watazamaji, adhabu inageuka kuwa kitu kingine. Kama kanuni zilifuatwa ni hadithi tofauti. Sote tuliosoma enzi hizo tunajua tulichapwa wapi, na nani, na mbele ya nani.

Mwaka 2001 kanuni hizo ziliondolewa kwa Notisi ya Kisheria nambari 56, na kiboko kikawa marufuku shuleni. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Watoto, ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na ile ya 2022.

Halafu ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 29 kinataja mambo ambayo mtu yeyote hapaswi kutendewa. Aya ya (e) inataja adhabu ya viboko. Aya ya (f) inataja kutendewa au kuadhibiwa kwa njia ya kikatili, isiyo ya kiutu au ya kudhalilisha. Ziko pamoja, zimefuatana. Kifungu cha 53 kinamwongezea mtoto ulinzi wake wa pekee dhidi ya kila aina ya ukatili na adhabu zisizo za kiutu.

Sasa hapa ndipo pana utamu. Haki nyingi katika Katiba zinaweza kuwekewa mipaka na sheria, mradi mipaka hiyo iwe na sababu za haki. Hiyo ni kazi ya Kifungu cha 24. Lakini Kifungu cha 25 kina orodha fupi sana ya haki ambazo hazipunguzwi kwa vyovyote vile. Ni nne tu. Ya kwanza kwenye orodha ni kutoteswa na kutotendewa kikatili, kinyama au kwa kudhalilishwa. Iko pamoja na kutofanywa mtumwa na haki ya kesi ya haki.

Kwa maneno mengine, mwanasheria mjanja anaweza kusimama kortini akajaribu kutetea kiboko chenye masharti. Atashindwa au atashinda, hiyo ni juu yake. Lakini kutetea udhalilishaji wenye masharti hawezi. Mlango huo haupo.

Na mheshimiwa anayeahidi kurudisha kiboko akuambie ukweli wote. Maneno ya Kifungu cha 29 yako katika Sura ya Nne, sura ya haki. Kuyafuta huko, Kifungu cha 255 kinataka kura ya maamuzi, Wakenya wapange foleni nchi nzima. Yeye anapokuahidi pale matangani, hiyo foleni ameitaja?

Mwishowe kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 36: mwanafunzi asitendewe wala kuadhibiwa kwa njia ya kikatili, isiyo ya kiutu au ya kudhalilisha, iwe ni ya mwili au ya akili. Anayevunja sehemu hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. "Ya akili" imo ndani ya sheria, si maneno yangu. Ule mtaro uliokatwa kichwani mwa mvulana na lile godoro la paredini ndipo yanapoingia.

Kuna mzazi atasema: "Lakini mimi mwenyewe nilimruhusu mwalimu amnyooshe." Mzazi mwenzangu, haki hiyo si yako kuigawa. Ni ya mtoto.

Kidogo turudi nyuma, kwa sababu kuna wanaodhani huu ni mtindo wa vijana wa leo kulalamikia kila kitu.

Aibu kama chombo cha kufundishia tuliirithi. Wakati wa ukoloni, mtoto aliyekamatwa shuleni akiongea lugha ya kwao alivalishwa kitu shingoni. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika Decolonising the Mind (1986) jinsi watoto walivyovalishwa vibao vya chuma vilivyoandikwa maneno ya kuwaita wajinga au punda. Na kabla ya kibao kulikuwa na kifungo kidogo cha nguo. Asubuhi mwanafunzi mmoja anapewa, anakaa akisikiliza. Akimsikia mwenzake akiongea Kikuyu anamkabidhi. Naye anatafuta wa kumkabidhi. Jioni aliyebaki nacho anataja aliyempa, huyo anamtaja wake, na mnyororo mzima unajulikana.

Baada ya uhuru mzungu alienda, kidude kikabaki. Sehemu moja kilikuwa kipande cha mbao, kwingine mfupa uliofungwa kamba. Kuna watu wa miaka arobaini wanaosoma uzi huu waliokivaa. Mkijitokeza kwenye majibu mtueleze kwenu kilikuwa nini, itasaidia.

Lakini ona jinsi mtambo ule ulivyofanya kazi. Mwalimu hakuhitaji kumkamata mtu. Watoto walikamatana. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya kiboko na aibu. Kiboko kinahitaji watu wawili. Aibu inahitaji umati, na umati huo ni watoto wengine. Mwalimu anawasha tu, shule nzima inapuliza.

Na hapo lazima niseme langu.

Kidato cha kwanza, shule ya bweni ambayo sitaitaja, kulikuwa na kijana kwenye bweni letu, mdogo, sauti haijavunjika. Wiki ya tatu alibebeshwa godoro. Asubuhi, baridi, ukungu bado uko uwanjani. Godoro lilikuwa kubwa kumliko, likawa linamfunika uso, kwa hivyo akawa anakwaruzana na watu kwenye mistari. Kila akimgonga mtu, kicheko. Nilikuwa mstari wa pili. Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu hata, kwa sababu mwezi mmoja kabla ya kufungua shule mimi mwenyewe nilikuwa nimeamka kitanda kimelowa nyumbani, na nilitaka iwe wazi kabisa kwa kila mtu kwamba mimi siko upande ule.

Muhula wa pili hakurudi. Hakuna aliyeuliza. Kukojoa kitandani ni jambo la kiafya, wakati mwingine ni la hofu. Si utundu, hakuna mtoto anayeamua kulala kwenye majimaji. Hilo nilikuja kulijua ukubwani.

Sasa mtaniambia: "Sisi tulichapwa, tukaaibishwa, na tukawa watu." Hii ndiyo hoja nambari moja ya mitandaoni na ya barazani, na naielewa, kwa sababu inatoka kwa watu wenye heshima zao. Lakini fikiria ni nani anaisema. Anaisema aliyebaki. Aliyeshindwa muhula wa pili hayuko kwenye hiki kikao kutupa ushahidi wake. Ukihesabu waliovuka mto kwa kuwauliza walio ng'ambo, utaambiwa mto hauna mamba.

Pia kuna "samaki mkunje angali mbichi". Sawa. Lakini kukunja si kuanika. Samaki unayemwanika unataka akauke.

Tuwe waadilifu kwa walimu pia, maana uzi huu usije ukasomwa kama kuwatupia mawe.

Hebu weka miaka hii pamoja. Kiboko kilipigwa marufuku 2001. Elimu ya msingi bila malipo ikaanza 2003, miaka miwili tu baadaye. Watoto katika shule za msingi wakatoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2 mwaka 2003. Mwalimu aliyekuwa ameambiwa aweke fimbo chini akaingia darasani akakuta watoto wamekaa hadi sakafuni. Ushauri nasaha ndio ulioahidiwa kuchukua nafasi ya fimbo. Shule nyingi zina mwalimu mmoja wa ushauri nasaha ambaye pia anafundisha vipindi kama wenzake, anasahihisha vitabu kama wenzake, na akipata nafasi saa kumi na moja jioni ndipo anamsikiliza mtoto, kama mtoto bado yupo.

Kwa hivyo swali la kisiasa la kweli si kwamba walimu ni wabaya au wazuri. Ni hili: serikali zilizofuatana zilipoondoa fimbo, ziliweka nini mkononi mwa mwalimu? Ukiangalia bajeti utaona jibu. Na mtu aliyechoka, mwenye watoto wengi mno mbele yake na hana chombo, huokota kile cha bei rahisi. Aibu ni ya bure.

Kuna aibu nyingine ambazo ukizifuatilia zinakupeleka moja kwa moja Nairobi.

Chukua karo. Serikali inapaswa kupeleka Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma kwa mwaka. Kila mfuatiliaji wa siasa anajua pesa hizo huchelewa, na wakati mwingine hufika pungufu. Mwalimu mkuu ana mwenye duka la mahindi anayepiga simu, ana mpishi hajalipwa. Hawezi kusimamisha Hazina ya Kitaifa paredini na kuisoma jina. Anayeweza kusomwa jina ni mtoto wa mama anayeuza mboga. Deni ni la watu wazima wa pande mbili, anayeadhibiwa ni mtu wa tatu ambaye hakukopa chochote.

Chukua sodo. Mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa, ikailazimu serikali kuwapa sodo za bure, za kutosha na zenye ubora wasichana waliobaleghe katika shule za umma. Miaka miwili baadaye, Septemba 2019, katika kaunti ya Bomet, msichana wa miaka 14 alipatwa na hedhi darasani bila sodo. Mama yake aliviambia vyombo vya habari kwamba mwalimu alimwita mchafu na kumtoa nje. Msichana alirudi nyumbani, akajitoa uhai siku hiyo. Wazazi waliandamana nje ya shule, polisi wakawatawanya kwa vitoa machozi. Wabunge wanawake walienda Wizara ya Elimu kudai majibu.

Katika mjadala uliofuata, wengi walimzungumzia mwalimu, wengine wakazungumzia sodo. Ni mambo mawili yaliyofungwa fundo moja. Kama sodo zingekuwapo kabatini, kama sheria inavyosema, kusingekuwa na doa la kutazamwa. Na kama maneno hayo hayakusemwa, doa lingekuwa doa tu, linafuliwa. Kumbukeni pia: hakuna kiboko popote katika kisa hicho.

(Kama uko mahali pagumu wewe mwenyewe, au una mtoto aliye hivyo, piga 116. Ni bure, saa 24.)

Sasa tuje kwetu sisi wa hapa mtandaoni, maana hatujatoka.

Mwaka 2023 video kutoka shule ya msingi moja katika kaunti ya Kisii ilisambaa. Watoto walikuwa wanafanyishwa mambo ya aibu huku watu wazima wakicheka na kurekodi. Walimu kadhaa walikamatwa. Nchi ilikasirika, na ilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini tulionyeshaje hasira? Tuliisambaza video. Wenye akaunti kubwa za siasa, wa pande zote, waliiweka ikiwa na nyuso za watoto wazi, juu yake wakaandika maneno makali kuhusu wapinzani wao. Paredi ya shule ya kijijini ina watoto mia tatu. Sisi tuliipanua ikawa na milioni.

Nilikuwa nimeisambaza pia, kabla ya kuifuta. Tuseme ukweli.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, na picha ni data. Mwaka huohuo wa 2023 afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za kawaida. Fikiria za mtoto aliyepiga magoti. Ukipata video kama hiyo, mpelekee mhusika wa ulinzi wa watoto au polisi, na ukitaka kuandika, andika kilichotokea kwa maneno. Uso wa mtoto hauongezi nguvu kwenye hoja yako ya bajeti.

Kuna atakayeuliza: basi mwalimu afanye nini? Aachie watoto wampande kichwani?

Hapana. Nidhamu ni lazima, na mtoto asiyewekewa mipaka anaonewa pia. Aliyeandika matusi ukutani apewe rangi na brashi, apake. Aliyekosa kazi ya ziada abaki aimalize. Aliyempiga mwenzake aitiwe mzazi, na kosa kubwa lina utaratibu wake wa kusimamishwa masomo, kwa barua na kusikilizwa mbele ya bodi.

Mimi hupima hivi: ondoa watazamaji, uone adhabu inabaki na nini. Ukuta bado utapakwa rangi hata kama shule nzima imelala. Kazi ya ziada bado itamalizika. Lakini godoro la paredini, ondoa watazamaji, kinachobaki ni mtoto anayetembea na godoro bila sababu. Makasi getini vilevile: kama shida ni nywele, kinyozi yupo. Njia ile moja katikati haipunguzi nywele, inaongeza macho.

Kwa hivyo kampeni zikianza tena, na zitaanza, mheshimiwa akija na kiboko chake mkononi, usimjibu kuhusu kiboko peke yake. Muulize walimu wa ushauri nasaha wangapi wataajiriwa katika eneo bunge lake, na pesa zitatoka wapi. Muulize mgao wa shule wa muhula huu ulifika lini. Muulize sodo za mwisho zilifika lini katika shule ya wasichana iliyo karibu na nyumba yake, na usikubali jibu la picha alizopigwa akikabidhi maboksi. Mwenye kupinga kiboko naye umuulize yaleyale, maana wapo wanaopinga kiboko kwa Kiingereza kizuri sana na hawajawahi kuuliza mwalimu ana watoto wangapi darasani.

Na kama wewe ni mwakilishi wa wazazi kwenye bodi ya usimamizi, kikao kijacho uliza swali dogo: majina ya wenye karo yanasomwa wapi hapa kwetu?

NYONGEZA, asubuhi. Majibu ni mengi, asanteni, vidude vya shingoni mlivyonitajia ni maajabu. Nijibu mawili yaliyorudiwa.

Mama mmoja ameandika kwamba mwanawe wa kidato cha pili alikatwa njia kichwani wiki jana, na anauliza aanzie wapi. Mama, pole. Anza kwa kumuuliza yeye anataka lisemwe kwa nani, kwa sababu ndiye atakayerudi kwenye dawati lile. Kisha andika leo, kabla maelezo hayajachanganyika: tarehe, mahali, nani alikuwapo, maneno gani yalisemwa. Piga picha ya kichwa uiweke, usiiposti. Peleka barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa bodi ya usimamizi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Taja sehemu ya 36 ndani ya barua. Barua yenye namba ya sheria husomwa kwa makini zaidi. Ukinyamaziwa, nenda afisi ya TSC ya kaunti ndogo na kwa afisa wa watoto.

La pili: je, shule za kibinafsi zimo? Zimo. Kifungu cha 29 hakibagui, na mwalimu wa shule ya kibinafsi naye anatakiwa kusajiliwa na TSC kama yule wa shule ya umma. Kulipa karo kubwa hakumwondoi mtu kwenye sheria, wala mwenye shule wala mwalimu wake.